Chumvi ya Wandugu Wawili

Kitshanga, siku ya yenga, kisha misa

Kaka Edmond,

Jambo kaka, na jambo kwa wifi Astrid na kwa huyo mugeni tunayemungojea tumboni mwake. Mama anauliza kama miguu ya Astrid bado inavimba, na anasema asilale chali. Mimi nimeandika tu alichosema. Ukitaka kubishana, bishana naye. Huku tuko, tunamushukuru Mungu. Papa anakohoa asubuhi lakini hataki muntu aseme kwamba anakohoa. Mvua imeharibu barabara ya Mweso tena, kamio ilizama mu matope na Samy, dereva wetu, alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mukononi. Watu wa kambi ya wakimbizi wanazidi kuongezeka na soko linajaa mpaka ng'ombe wanakosa pa kupita. Wewe unapajua, sina haja ya kukuchorea.

Ni Samy njo amekuletea hii barua huko Kampala. Utashangaa, dada yako fundi wa ordinateri, hizi kompyuta, anaandika ku karatasi. Ningeweza kukutumia ujumbe ku WhatsApp siku rezo inapatikana, lakini najijua na nakujua. Ungejibu mbio mbele ya kumaliza kusoma, nami ningejibu mbio zaidi, na kufika jioni tungekuwa tumekwisha kuitana majina ya wanyama. Barua haikatwi neno. Basi kaa chini, soma mpaka mwisho.

Kwanza habari za kazi. Ile groupe yetu ya WhatsApp ya wanainformatiki wa Kivu bado ni uwanja wa vita juu ya luga za kuandikia programu. Watu wa Node wanasema Java ni muzee anayetembea na fimbo. Watu wa Java wanasema Node ni mutoto aliyepewa funguo ya kamio. Wale wa Python wanatucheka sisi wote. Ila siku wakikosa wa kupiga, wanageuka pamoja kutupiga sisi wa PHP: eti luga yetu ilikufa zamani, ni sisi tu hatujafikiwa na habari ya kilio. Juma lililopita nikawajibu kwamba hiyo maiti yangu njo imenunua sola mupya ya nyumbani, sasa hao wazima wao wamewanunulia nini? Nilifurahi siku mbili nzima.

Lakini nikifunga telefone, kicheko kinaisha. Nami nasoma matangazo ya kazi. Ya Goma, ya Kampala, ya Kigali, yote nayasoma. Kulikuwa na wakati kila biro ilitaka muntu wa Java mwenye miaka mingi ya kazi. Sasa wengi wanataka Node, na kesho watataka kitu ambacho leo hakina hata jina. PHP wanaikumbuka siku tovuti ya zamani imeharibika na aliyeijenga amehama. Kazi napata, siwezi kudanganya, lakini ni kazi ya kupiga viraka: stoki ya duka hapa, michango ya parokia pale, tiketi za watu wa moto, hawa wa pikipiki. Sijalala njaa. Lakini biro kubwa haijawahi kuniita, na hilo linaniuma kuliko ninavyoonyesha mu groupe.

Unakumbuka siku Papa alitugawanya? Ulikuwa umerudi likizo kutoka Butembo, nami nilikuwa namaliza sekondari, nasema nitasoma kile unachosoma. Papa akaacha kula, akauliza hizo luga zinafanya kazi wapi hasa. Ukamueleza kwamba kuna upande wa mbele ambao mukliya, yule mununuzi, anauona, na kuna upande wa nyuma, ku serveri, ambako haingii. Papa akasema basi hiyo ni depo, na mambo ya depo anayajua. Akauliza mu depo kuna mali gani. Ukamutajia. Akaamua palepale, ugali haujapoa: wewe utachukua Java, maana ni mali ya jumla, ya mabanki na maofisi. Mimi nitachukua PHP, mali ya rejareja, ya wakliya wadogo wanaolipa mbio. Na muntu asiguse ya mwenzake, kwa sababu wandugu hawauzishi kitu kimoja mu soko moja.

Tulimucheka tukiwa jikoni, lakini tulitii. Wewe hujaandika hata mustari mumoja wa PHP. Nami nikiona neno Java mu kitabu nilikuwa nageuza ukurasa, sawa muntu anayepita mbele ya duka la kaka yake bila kuuliza bei. Nani angebisha? Ile sheria tulijua ilitoka wapi. Papa na Baba mudogo Jacques waliuzisha chumvi wote wawili hapa Kitshanga, chumvi ikawaachanisha, Baba mudogo akahamia Walikale, na Papa hakutaja jina lake tena. Njo tulivyoambiwa, na tuliamini.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita wauguzi wa kituo kimoja cha afya cha Walikale waliniita niwatengenezee programu ndogo ya dawa. Nilipita Masisi na Nyabiondo ku moto. Kila kilima motari alinishusha, na kila bariere ya barabarani tulisimama. Kwa kweli mimi njo nilisindikiza moto, si moto iliyonibeba. Huko hatuna ndugu mwingine, kwa hiyo Papa alisema nilale “kwa yule.” Nami sikumusaidia kulitamka lile jina, unajua roho yangu ilivyo.

Kaka, yule muzee alinipokea sawa mutoto wake wa kuzaa. Alipikisha samaki na ndizi, akanikalisha, akauliza nafanya kazi gani. Nikamuelezea PHP na Java na siku ya kugawanywa. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, na alichosema nakuandikia neno kwa neno, maana sijakisahau mpaka leo:

“Mutoto, si chumvi iliyotuachanisha. Tuliuzisha chumvi bega kwa bega miaka mingi, na kila asubuhi, mbele ya kufungua, kila muntu alimuambia mwenzake bei yake. Siku moja papa yako Albert alipata kamio ya chumvi ya bei ya chini, akaninyamazia. Bei ya kaka yangu niliisikia kinywani mwa mukliya.”

Nilirudi Kitshanga na hilo neno, na sikujua nitaliweka wapi. Siku tatu nililimeza. Siku ya ine nikamukuta Papa anafunga mizigo, nikalisema lote. Alianza kwa kuuliza kama Jacques amekonda. Nikamuambia hapana, amenenepa. Akasema vizuri. Akavuta kamba, akapiga fundo, akalijaribu kama linashika. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba Jacques amesema kweli. Akaenda kumuita Samy apakie.

Siku ya soko iliyofuata akaniambia tupande kule nyuma ya parokia, mahali rezo inashika. Alitaka nimutafutie namba ya Jacques. Nilikuwa nangojea msamaha, nangojea machozi, nilikuwa hata na kitambaa mukononi. Papa hakusalimia vizuri. Aliuliza tu: “Jacques, chumvi iko bei gani huko?” Kisha nikasikia sauti ya Baba mudogo inataja bei. Papa akamuambia ya huku. Waliongea chumvi, chumvi, chumvi, mpaka uniti zikaisha, na kitambaa nilikitumia mimi.

Njo tunafika ku sababu ya barua.

Kuna shirika linalotafuta muntu mumoja wa kusimamia programu ya dawa za vituo vya afya, kutoka Masisi mpaka Walikale, programu iliyojengwa na Java, mutihani wake ni siku ya ine, alhamisi, juma linalokuja. Najua umetia jina lako. Mama njo aliniambia, akanikataza kusema. Unamujua, Mama hawezi kubeba siri toka jikoni mpaka mulangoni. Aliniambia pia kwamba kazi ya Kampala ilikwisha tangu mvua za kwanza, na kwamba kila asubuhi bado unavaa shati na kutoka ili Papa akipiga simu ya Astrid asikukute nyumbani. Iliniuma sana, kaka. Nilikuwa natuma vichekesho vya PHP mu groupe na wewe ulikuwa unavisoma ukiwa umekaa mu bustani ya watu.

Mimi pia nimetia jina langu.

Nililitia mbele ya kusikia habari yako. Na Java naijua. Ni zaidi ya mwaka najifunza kila alfajiri, Papa hajaamka, maana kitu nilichokatazwa kiligeuka kuwa kitu cha kwanza nilichokitaka. Hii kazi naitaka, sitasema uongo. Ku kituo cha Muheto nilikuta dawa za malaria zinaharibika mu kabati, na ku kituo cha Kibabi muuguzi alikuwa anamurudisha mama na mutoto wake kwa sababu hana hata kidonge. Hakuna hata mumoja wao aliyejua mwenzake ana nini. Tangu hapo sijaacha kuwaza ile programu.

Nilipojua kwamba na wewe uko mu mustari, nikawaza kuondoa jina langu kimya kimya. Ungepata kazi, ungerudi, tungechinja kuku, nami ningekula ile kuku na neno limenikwama kooni mpaka uzee. Hiyo nayo ni kuficha bei. Kwa hiyo sitaondoa. Nawe usiondoe. Ukinionea huruma nitajua, na nitakuja Kampala kwa miguu kukugombesha mbele ya wifi.

Basi bei yangu iko hii. Java yangu ni ya kitabu. Sijaifanyia kazi kwa muntu yeyote anayelipa. Maswali ya kuhifadhi data nitayajibu. Yale ya kufanya kazi nyingi kwa mara moja bila kugongana yananishinda, nimeyasoma na kuyasoma, hayaingii. Lakini vituo navijua: navijua vinavyokosa rezo juma zima, najua muuguzi anaandika wapi wakati sola imezima, najua dawa zinakwama kwenye bariere gani. Watauliza hayo, na wewe hujakaa huku muda mrefu. Samy amebeba karatasi zingine, nimekuandikia yote, sijabakisha kitu. Wewe nieleze yale yanayonishinda. Kila asubuhi mpaka siku ya mutihani nitakuwa nyuma ya parokia na telefone mukononi.

Atakayepata, amuambie mwenzake yeye mwenyewe, asimuachie Mama. Atakayekosa, PHP iko, wakliya wangu ni wengi kuliko mikono yangu, na kukufundisha ni kazi ya juma chache kwa muntu mwenye kichwa chako kigumu.

Naogopa, kaka. Siogopi kushindwa na wewe, nimezoea tangu tulipokuwa tunakimbizana kwenda mutoni. Naogopa kukushinda. Naogopa utacheka ku simu, useme hongera mudogo wangu, halafu usipige tena. Ningependa unitukane leo, kisha tuendelee kuongea, kuliko unipongeze na kuninyamazia mpaka watoto wetu nao wasafiri, sawa mimi Walikale, kuuliza kosa lilianzia wapi.

Mama anawasalimia nyote, ameweka maharagi na kitenge cha mutoto mu mufuko, usiviuzishe. Wajirani wanakusalimia. Baba mudogo Jacques anakusalimia. Ndiyo, sasa anasalimia. Mubaki na amani, na Astrid ajifungue salama.

Papa hajasoma hii barua na hajui yaliyomo, ao anajua na ananyamaza, kwake sijui tena. Aliniona naandika, akauliza ni kwa nani. Nilipomuambia, alisimama kidogo nyuma yangu, akakohoa, akaomba nikuwekee mustari wake mumoja. Huu hapa, jinsi alivyousema:

“Edmond, mwanangu, huko Kampala chumvi iko bei gani? Niambie bei ya kweli.”

Ni mimi mudogo wako,

Kasoki