Baruti Ilitoka Wapi?

2 Februari

Kwako shemeji yangu Fundi,

Pokea salamu zetu zote, zangu na za dada yako. Hujambo wewe na cherehani zako? Sisi huku wazima, ila magoti yangu yananung'unika kila nikipanda ngazi, na dada yako ananung'unika kila nikinung'unika. Nyumba ina kelele lakini ina uzima.

Nakuandikia barua kwa sababu simu uliitupa, na habari niliyonayo haikaliki moyoni. Ule ukumbi wa sinema wa mtaani kwetu, uliogeuzwa ghala la saruji, umefufuka. Meneja mpya ni mchangamfu sana. Amepaka rangi, ameweka viti, na siku ya ufunguzi ataonyesha filamu yetu, ile tuliyoigiza ujanani. Ndiyo, ile ile! Wafungwa watano wanatoroka jela wakati wa vita, wanataka kuvuka mpaka wajiokoe, halafu wanabadili nia, wanarudi kulipua daraja ili treni ya adui isipite. Meneja alikuja mpaka nyumbani, akakakamaa mlangoni kama askari na kuniita Kamanda, kwa jina langu la kwenye filamu. Nilikuwa na taulo kiunoni, lakini nilimrudishia saluti.

Kati ya wale watano tumebaki wawili, mimi na wewe, na anataka tukae mstari wa mbele. Ila kuna jambo jingine. Dada yako amepaka chokaa chumba cha uani. Hasemi ni cha nani, lakini kaweka meza ya kazi karibu na dirisha, na wewe unajua mimi sijawahi kuwa na kazi ya kufanyia mezani. Anataka urudi nyumbani, shemeji. Unazeeka peke yako kwenye mji wa watu, na yeye anazeeka kwa kukuwaza. Njoo kwenye filamu, kisha usiondoke.

Mimi shemeji yako,
Kamanda

19 Februari

Shemeji Kamanda,

Barua imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Mpe dada pole kwa kuishi na wewe.

Kuhusu kuja, hapana.

Wewe ukipita mtaa ule unapigiwa saluti. Unakumbuka mimi nilivyokuwa nafanyiwa? Muuza mboga alikuwa anafunika nyanya zake nikikaribia. Kinyozi aliniacha na nusu kichwa kwa sababu mteja mmoja aliingia akamuuliza, "Wewe, unamnyoa Msaliti?" Siku ya harusi yenu, harusi ya dada yangu wa tumbo moja, niliombwa nihamie meza ya nyuma ili wageni wale kwa amani. Hata simu niliitupa kwa sababu watu walipata namba, wakawa wananipigia kuniuliza kama adui hajambo.

Na neno hilo halimo kwenye filamu, shemeji! Hakuna hata mmoja anayelitamka. Wewe unajua hadithi ilivyoandikwa. Mfungwa wa tano, yaani mimi, anawaacha wenzake porini, anajipenyeza kambi ya adui, anaiba baruti, anarudi nayo akiwa na risasi mgongoni, anamkabidhi Kamanda, anakufa. Tuliigiza yote hayo. Nilikufa vizuri mpaka mpishi wetu akalia na kuunguza mchuzi. Halafu yule msaidizi wa mpiga picha, Mungu amsamehe, akafungua kopo la filamu juani, kipande chetu chote kikaungua, na mwongozaji akasema hakuna cha kurudia. Kwa hiyo wanachokiona watu ni mimi ninapotelea gizani kuelekea kwa adui, mara askari wa adui hao wanakuja, mara ninyi mna baruti mkononi. Baruti ilitoka wapi? Miaka yote hii hakuna aliyejiuliza. Wanachojua ni kwamba niliwauza wenzangu.

Nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu. Wananijibu kwamba msaliti yeyote angesema hivyo hivyo.

Nampenda dada, na chumba hicho ningekipenda. Lakini niliapa sitakanyaga mtaa ule maadamu jina langu kule ni hilo. Hapa naitwa Fundi, na hakuna aliyeiona filamu. Niacheni.

Shemeji yako,
Fundi

1 Machi

Shemeji mkaidi,

Hali yako? Huku salama, isipokuwa dada yako aliisoma barua yako jikoni na chakula kikaungua. Nikadhani amenuna, maana alijifungia chumba cha uani mpaka jioni. Kumbe alikuwa anapanga.

Haya, sikiliza mpango wangu. (Ni wake, lakini mimi ndiye ninayeandika.) Nimeongea na meneja. Filamu itasimamishwa pale pale unapopotelea gizani. Taa zitawashwa. Mimi na wewe tutapanda mbele ya skrini, tutaigiza kile kipande kilichoungua, mwanzo mpaka mwisho, na ukishakufa taa zitazimwa na filamu itaendelea. Meneja alipenda wazo hilo mpaka akapiga meza na kumwaga chai.

Utasema tumezeeka. Kweli kabisa. Watu watakuwa wametoka kumwona Kamanda kijana, kifua wazi, halafu atatokea huyu mwenye kitambi na miwani. Watacheka. Waache wacheke kidogo, si kosa. Lakini wewe mwenyewe umesema umeeleza mpaka umechoka. Sasa acha kueleza, uwaonyeshe.

Shemeji, nikuambie jambo bila mzaha. Kila mara mtu akininunulia chai kwa ajili ya daraja lile, naikumbuka baruti, na chai hainishuki vizuri. Ninaitaka siku hiyo kuliko wewe.

Shemeji yako,
Kamanda

15 Machi

Shemeji,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo, ila majirani zangu wana wasiwasi.

Barua yako niliichana. Kisha nikaiokota. Kisha nikafunga mlango wa karakana nijaribu tu kama bado naweza kufa. Nilisahau kwamba dirisha liko wazi. Mteja aliyekuja kuchukua cherehani yake niliyomtengenezea aliniona nimelala kati ya vyuma, mikono imetanda, akapiga yowe mtaa mzima. Walikuja na ndoo ya maji na shehe. Nikalazimika kuwaambia nilikuwa natafuta skrubu.

Nakuja. Lakini nasema wazi, ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu utoto. Wakinizomea mbele ya dada, sitaweza kumtazama tena usoni. Kwa hiyo sharti langu ni moja: nikisikia mluzi hata mmoja, nashuka, nachukua mfuko wangu, na asubuhi napanda basi. Msiniandikie tena kuhusu chumba.

Mazoezi tufanye kila mtu kwake. Wewe jifunze kuruka kutoka ukingo wa mto kunipokea, kama ilivyoandikwa.

Shemeji yako,
Fundi

9 Aprili

Shemeji yangu mpenzi,

Je, u mzima? Mimi siwezi kusema hivyo. Nakuandikia kutoka hospitali ya mji mkubwa, wodi ya mifupa, mguu umening'inizwa juu kwa kamba.

Usicheke. Ukingo wa mto ulikuwa kitanda chetu. Niliruka vizuri sana. Ni sakafu ndiyo iliyokosea. Daktari ameniuliza mtu wa umri wangu alikuwa anaruka kutoka kitandani kwa sababu gani, nikamwambia nilikuwa namwokoa mwenzangu vitani. Ameandika nipimwe kichwa pia.

Sitatoka kabla ya ufunguzi. Najua unachowaza sasa hivi, na nakuomba usikiwaze. Dada yako atasimama mahali pangu. Maneno ya Kamanda anayajua kuliko mimi, maana nimeyatamba nyumbani tangu tuoane, na mara nyingi ndiye aliyenisahihisha. Koti langu la filamu limemtosha, amekunja mikono tu. Ameniambia nikuandikie hivi: yeye haogopi mluzi wa mtu yeyote.

Shemeji, ukirudi nyuma sasa, hatakulaumu. Atafunga chumba cha uani na hatakitaja tena. Hicho ndicho ninachokiogopa.

Shemeji yako mguu mmoja,
Kamanda

21 Aprili

Shemeji,

Salamu. Mbona kimya? Ufunguzi ni Jumamosi na sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Dada yako naye kimya. Muuguzi wa zamu amechoka kuulizwa kuhusu barua, ananiita Mzee Posta. Andika chochote, hata matusi.

Kamanda

27 Aprili

Shemeji Kamanda,

Mguu unaendeleaje? Bado wananing'iniza mzigo huo? Dada anakusalimu, na anasema ukianza kuwasumbua wauguzi atakuja mwenyewe. Sisi wazima.

Samahani kwa kimya. Nilikuwa nafunga mfuko na kuufungua. Ningekuandikia nini? Nilifika Jumamosi mchana, kofia imeshuka mpaka nyusi, nikapita uchochoro wa nyuma kama mwizi. Dada alifungua mlango akiwa tayari amevaa koti lako. Akanipa maji ya kuoga.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi ngazini. Nilikaa nyuma ya pazia pembeni ya skrini, na pale kijana yule wa zamani, mimi, alipojitenga na wenzake na kuingia gizani, niliwasikia. Si mluzi mmoja. Ukumbi mzima ulizomea, kina mama kina baba, "Msaliti! Msaliti huyo!" Niligeuka kutafuta mlango wa nyuma, shemeji, sikufichi. Nilikuwa nimeshika kitasa.

Ndipo taa zikawaka. Dada akapanda peke yake, mwanamke mzima na koti la mfungwa. Wakaanza kucheka. Yeye akasimama tu, anatazama upande wangu, hanihimizi, ananingoja. Niliachia kitasa, nikabeba sanduku langu la vifaa mahali pa baruti, nikatoka nikichechemea, na siku hiyo sikuhitaji kuigiza kuchechemea.

Unajua maneno ya Kamanda hapo: "Ulikuwa wapi?" Kwa ukali, kwa sababu anadhani nimewauza. Dada alifungua kinywa, na ukali ukamshinda. Alinishika mashavu kwa mikono miwili na kusema, "Ulikuwa wapi siku zote hizi, mdogo wangu?" Nami jibu langu, nililolifanyia mazoezi kati ya vyuma, likapotea lote. Nilimpa sanduku. Nikasema, "Nilikwenda kuleta hii."

Waliokuwa wanacheka wakanyoosha shingo kulitazama sanduku. Halafu mama mmoja katikati akasema kwa sauti, kama anayeongea na jirani yake, "Jamani! Kumbe baruti aliileta huyu." Ikaanza kupita kiti kwa kiti, huyu kaileta, huyu kaileta, mpaka nikaisikia kule ngazini.

Basi nikaona ni wakati wa kufa. Nikapiga goti, nikalala, mikono nikaitandaza. Nilikuwa nakufa vizuri, shemeji, kuliko hata ile mara ya kwanza. Ghafla mtu akapaza sauti, "Asife!" Mwingine akadakia, "Mama, mwinue huyo, asife!" Wakasimama. Watu wazima walipiga miguu chini na kumpigia kelele meneja kwamba hawataki filamu iendelee mpaka niinuke. Mimi nimefumba macho, najiuliza mwigizaji anafanya nini hapo, maana haikuandikwa. Dada akainama akaninong'oneza, "Amka, mjinga wewe, wanakutaka." Nikaamka. Nililia mbele ya mtaa wote, na sioni haya kukuambia. Meneja aliniwekea kiti mbele kabisa, na daraja lilipolipuka, walishangilia huku wananipiga mabega mpaka leo yanauma.

Nje, watu walipokuwa wanatawanyika, alinifuata bwana mmoja wa makamo ambaye simjui. Nilikaza mwili kama kawaida yangu. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mzee. Samahani kwa kukusumbua. Nimeambiwa wewe ni fundi. Mashine ya mke wangu inaruka mshono, na hapa mtaani hatuna mtu. Naweza kuileta kesho?"

Tiketi ya basi la asubuhi ilikuwa mfukoni. Nikamwambia alete.

Shemeji yako,
Fundi, chumba cha uani