Mutinda, Niliweka Injini ya Kutupa

Mutinda rafiki yangu,

Ijumaa asubuhi tuliirusha roketi yako ndogo, ile nyekundu uliyomaliza kuipaka rangi wiki moja kabla hujaanguka pale hotelini kazini. Niliweka injini ya kutupa, ile ya kutumika mara moja tu. Najua ungenuna. Acha nikueleze.

Wenzetu wa klabu ya roketi walinipa mimi kazi hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiketi nawe sakafuni, chumbani kwako mtaani Najma, huku ugenini, nikikushikia grisi huku ukijaza ile injini yako ya alumini. Ulizoea kusema, "Achieng', hizi za mara moja ni kama sahani za karatasi. Hii unaiosha, unaijaza, inaruka tena." Nilikuwa nacheka tu. Sikuwa naangalia mikono yako. Nilikuwa naangalia uso.

Nilijaribu, haki. Nilitandaza gazeti, nikapanga vipande vya baruti na ile mipira midogo ya kuzibia, nikafuata karatasi ya maelekezo. Mpira mmoja ukabaki mkononi. Nikafungua, nikaanza upya. Ukabaki tena. Nikakumbuka ulivyosema kwamba ukikosea mpira mmoja tu, moto unapenya juu na kuchoma roketi nzima. Kila siku wodini nadunga wagonjwa sindano bila kukosea, lakini siku hiyo nilishindwa kufunga kifuniko. Nikavikunja vyote ndani ya gazeti.

Tulipofika jangwani Mzee Okello, yule fundi Mganda anayeongoza klabu, alinipa injini ya kutupa. "Dada, hii unachomeka tu," akasema. Nikachomeka. Roketi ikapaa vizuri, parashuti ikafunguka, watu wakapiga makofi. Nilipotoa lile ganda lililoungua, nilitafuta mahali pa kulitupa, nikashindwa. Liko kwenye mkoba wangu wa kazi.

Hata siku ile walipokuleta hospitali nilishindwa hivyo hivyo. Mimi, nesi, nilisimama nje ya pazia kwa sababu waliniambia nisubiri. Nikasubiri. Mwili wako ukasafiri kwenda kwenu Makueni bila mimi, likizo haikupatikana.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mama yako alinipigia simu akauliza kama ulisema lolote mwishoni. Nikamwambia ulimwita. Mutinda, hukusema kitu. Waliokuwa nawe ndani waliniambia hukufungua hata macho. Tangu hapo ananipigia kila Jumapili nimsimulie tena, "Polepole, mwanangu, usiruke kitu," nami nasimulia, na kila mara naongeza kidogo. Sijui nitaachaje.

Pumzika, rafiki yangu. Nikipata likizo nitaenda kwa mama yako, nitaketi naye, nitamwambia ukweli. Hiyo nakuahidi. Lakini Jumapili hii simu ikilia, nikisikia sauti yake, najua nitamwambia ulimwita.

Wako,
Achieng'