Nilimwogesha Paka Wako Dawa ya Ng'ombe

Mama Tumaini,

Nimekaa upande wako wa meza, karibu na dirisha, nikuandikie jambo ambalo sina mwingine wa kumwambia. Nilikaribia kumuua paka wako.

Baada ya kukuzika watoto walikaa siku chache, kisha kila mmoja akarudi kwake. Tumaini yuko kulekule Makongolosi, machimboni. Hunipigia Jumapili baada ya ibada, na kila mara ananitaka nihamie kwake, mbwa na paka niwagawie majirani. Nilikuwa nimeshaanza kukubali. Nyumba imekuwa kubwa mno. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Mvua zilipokolea, kupe wakazidi. Yule mbwa wetu Chui alikuwa nao masikioni na katikati ya vidole, wengine wamevimba kama maharage. Paka wako Nyota alikuwa nao wawili nyuma ya sikio. Kazi hiyo ilikuwa yako. Ulikuwa ukirudi na dawa zao kutoka duka la dawa za mifugo, unawashika pale kibarazani, na mimi nakucheka kwamba paka wa kukamata panya anapewaje dawa ya dukani. Siku moja ulinipa boksi nikusomee maandishi madogo kwa sababu macho yalikuwa yanakusumbua. Nikasema nimechoka, kesho. Hukunikumbusha. Ulikwenda kwa jirani akakusomea.

Basi Jumamosi moja nikakuta stoo chupa ya dawa ya kuogeshea, iliyobaki tangu tulipouza ng'ombe. Nikajiambia kupe ni kupe. Nikachanganya kwenye ndoo kwa kukadiria, nikamwogesha Chui, na kwa kuwa maji yalibaki, nikamtumbukiza na Nyota. Alinikwaruza mkono wote. Kufika mchana udenda unamtoka, miguu inatetemeka, anayumba kama mtu aliyetoka kilabuni kunywa ulanzi. Halafu akaanguka ubavu.

Nilimfunga kwenye kanga yako nikamtia kikapuni. Nilitembea mpaka barabara kuu, nikapita wauza nyanya bila kumsalimia mtu, wakashangaa. Pale kwenye duka la dawa za mifugo kuna daktari sasa, binti anaitwa Rehema, alikuja baada ya wewe kufariki. Alimnusa manyoya, akaniuliza nimempaka nini. Nikamweleza.

"Baba, hii kwa paka ni sumu," akasema. "Mwili wake hauwezi kuitoa. Na bado anajilamba."

Akamwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, akamchoma sindano ya kutuliza kutetemeka, akamfunika blanketi. Aliniuliza paka ana umri gani. Mama Tumaini, sikujua. Miaka yote hiyo ndani ya nyumba moja, sikujua.

Nikamwambia, "Ni wa marehemu mke wangu."

Kwenye msiba sikulia, watu wakasema mzee ni jasiri. Nililia pale, kwenye benchi, mbele ya mtu aliyeleta jogoo mgonjwa. Yule bwana alivua kofia, akakaa karibu yangu mpaka nilipomaliza.

Nyota alilala kwa daktari siku mbili. Nilipokwenda kumchukua nilimpeleka na Chui, naye daktari akanifundisha taratibu. Dawa hufuata uzito, kwa hiyo nilipanda mizani nimembeba Chui, kisha nikapanda peke yangu, tukatoa uzito wangu. Kwa Chui kulikuwa na matone ya mgongoni na kidonge cha kutafuna. Nikachagua kidonge, maana hao wawili hulala pamoja, naye Nyota humlamba Chui mgongo, na dawa ya mbwa ingeweza kumdhuru. Nyota akapata matone yake, yaliyoandikwa paka, yanawekwa nyuma ya shingo ambako ulimi haufiki. Kupe aliyekwisha kung'ang'ania, nimvute kwa kibano karibu na ngozi, nisimpake mafuta ya taa kama tulivyozoea. Nilisoma maboksi yote mawili palepale dukani, nimesimama, kila neno. Daktari alinisubiri.

Nyota amepona, lakini hajanisamehe. Anakula ninachomwekea, kisha anaondoka kwenda kulala kwenye kiti chako. Nikimkaribia anashuka.

Tumaini alipopiga nikamwambia nitakuja kuwasalimu, ila sihami. Akauliza, "Baba, utakaa na nani?" Nikamjibu, na hawa aliowaacha mama yako. Sijui kama alinielewa. Sikumwambia nimekuwa mpweke. Sikumwambia kwamba saa kumi bado natoa vikombe viwili, halafu kimoja nakirudisha kabatini bila kukitia chai.

Nisamehe kwa kicheko changu cha pale kibarazani. Nilidhani unacheza na wanyama, kumbe ulikuwa unawalinda, na labda ulitaka tu nikae karibu yako kidogo.

Pumzika, mke wangu. Nakuahidi siku za dawa zao hazitanipita. Nimezitia alama kwenye kalenda ya kanisa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa mwaka. Na Nyota, kama hataki kuja kwangu, nitavuta kigoda nikae kando ya kiti chako, nimwache azoee.

Ni mimi wako,
Baba Tumaini
Ilula