Walijua Ninakatika Pumzi

Alhamisi, Kaloleni

Leo hata chakula sikumpakulia mume wangu.

Asubuhi daktari alisema damu yangu inaonyesha mwili unawaka ndani kwa ndani, kama wa mtu mwenye kidonda, nami sina. Kwa vile ninavyosinzia kazini, anashuku pumzi hukatika nikilala, na hilo ndilo huuwasha mwili. "Mume wako hajawahi kusikia?" Nikamtetea. Nikasema Baba Mwakio hulala fofofo.

Jioni, kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba, nikawaeleza wenzangu. Mama Mghoi akanishika mkono. "Pole, Mama Mwakio. Tumekuombea tangu Pasaka. Baba Mwakio alituambia vile unakabwa usiku, lakini akasema tusikuambie, utaogopa."

Mume wangu, ameketi papo hapo, akafunua Biblia akajifanya anatafuta mstari.

Sasa naogopa kulala. Kikundi kizima cha maombi walijua. Mimi nimeambiwa na damu yangu.