Diski Mbili na Sauti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Novemba 1999

Shule saa moja. Barua za wazazi, ratiba ya mtihani, chai ya saa nne. Halafu kompyuta ikaanza tena. Tk, tk, tk. Nikaifunga kama kitabu, nikaifungua, ikanyamaza. Saa sita ikarudia.

Ndani yake kuna sauti ya mama mkwe. Jumapili za miaka miwili, akitaja wafu wa ukoo wa mume wangu mmoja mmoja, nani aitwe na nani asiitwe kamwe. Kwanza nilimrekodi kwa kaseti, watoto wakarekodi nyimbo juu yake. Ndipo nikahamia kompyuta aliyoniachia mwalimu mmoja mgeni alipoondoka shuleni kwetu. Sikuandika hata jina moja kwenye karatasi. Nilisema nitaandika akimaliza. Alifariki Mei, hajamaliza.

Joyce, mke wa mwanangu, anajifungua mwisho wa mwezi. Mtoto wa Kipsigis huitiwa majina ya wafu mpaka apige chafya. Jina alilopigia chafya ndilo lake. Majina huletwa na nyanya wa upande wa baba. Sasa nyanya ni mimi, Mgusii niliyeolewa kwao.

Jumatano, 3 Novemba

Kericho kwa fundi. Ameweka sikio kwenye kompyuta kama daktari. Anasema diski ya ndani imebakisha siku, si wiki. Sauti haziwezi kuingia kwenye diski laini, ni kubwa mno. Natafuta diski ya nje.

Mwalimu mkuu anazo mbili, zililetwa na wafadhili. Nimemwambia ukweli wote. Amesema nichague moja, nyingine ibaki ya ofisi.

Alhamisi, 4 Novemba

Ndogo inaenea mfukoni. Haina plagi. Waya mmoja tu wa USB, na stima inainyonya kutoka kwa kompyuta yenyewe. Kubwa ni kama mkate mzima, ina plagi yake, inakula stima ya ukutani.

Nimejaribu ndogo. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Fundi alinionya kwamba kompyuta ikiwa dhaifu, diski ya namna hiyo hulala njaa. Labda angesema nibadilishe waya, labda nijaribu tundu la pili. Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshaichukia. Kompyuta ni mgonjwa, na huyu anakuja na sahani tupu kuomba kwa mgonjwa. Mimi nimelea mashemeji watano wa namna hiyo.

Nimechukua kubwa. Inajilisha. Nimetembea nayo nyumbani nikijiona mwerevu.

Ijumaa, 5 Novemba

Siwezi kuandika vizuri.

Saa nane nilianza. Nilihamisha, sikunakili. Kompyuta ilikuwa imejaa na nilitaka kuipunguzia mzigo. Mjinga. Kila faili likifika kule, huku linafutika. Saa tisa unusu mvua ya mawe. Stima ikapotea.

Kompyuta haikuzima. Ina betri. Kioo kinang'aa kama hakuna kilichotokea, na diski kubwa kando yake kimya, imekufa na plagi yake. Ile ndogo ingeendelea kula betri ya kompyuta. Ile niliyoidharau.

Stima imerudi jioni. Diski kubwa inasema haina kitu, inataka ipangwe upya. Kisha kompyuta nayo ikazima, haiwaki tena.

Wilson, mume wangu, ameingia akililia majani ya chai yaliyopasuliwa na mawe. Sikumwambia. Nimelia pamoja naye, akadhani ni chai.

Jumamosi, 6 Novemba

Fundi amejaribu mpaka saa kumi. Hakuna. Ameniomba msamaha, kana kwamba ni yeye. Nilimjibu vibaya.

Jumapili, 14 Novemba

Kanisani Senge Rael, shangazi yake Wilson, amenishika mkono. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake sasa. Alikuwa ameolewa mbali, anajua majina machache tu. Ameniuliza kama majina yako tayari. Nimesema yako. Mbele ya madhabahu. Nimeshindwa kula mchana wote.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimeandika ninayokumbuka. Kumi na moja. Kati ya mamia.

Na hata hayo nayaogopa. Kuna mtu aliyejinyonga, mama mkwe alikataza asiitwe. Je, ni huyu wa nne au ni ndugu yake? Nimefumba macho kutafuta sauti ya mama mkwe. Nasikia akikohoa, nasikia kuku, jina silisikii. Nimechana karatasi. Nimeandika upya yale nisiyoyaogopa tu, saba.

Natamani mtoto achelewe. Hayo ni maombi ya nyanya gani?

Jumanne, 23 Novemba

Msichana. Alfajiri, zahanati ya Mogogosiek. Wote wazima. Mwanangu anacheka ovyo barabarani.

Kesho wanawake wanakuja kuita majina. Nimemwambia Wilson kila kitu. Alichukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Jumatano, 24 Novemba

Wamekuja sita. Nilisimama, nikasema nilidanganya kanisani na kwamba majina yamepotea mkononi mwangu. Hakuna aliyenifokea. Senge Rael alivua miwani, akaifuta, akasema tuite hayo tunayojua.

Tuliita saba yangu, tukaita manne yake. Mtoto amelala. Senge akasogeza ugoro karibu na pua ya mtoto. Amelala. Tukarudia yote. Joyce akaanza kuniangalia.

Mke wa Kipsigis hamtaji mama mkwe kwa jina. Miaka ishirini na sita sijalitamka, hata kwenye shajara hii sijaliandika. Na yeye hakujitaja kwenye kompyuta. Alikuwa hai, akitaja wengine. Wala leo sikukusudia kuita mtu. Nilikuwa nimeshindwa tu. Nikasema kwa sauti, "Tapkigen, nisamehe. Nimeyapoteza yote."

Mtoto akapiga chafya. Mara mbili.

Senge Rael akasema, "Basi. Huyu amekuja mwenyewe."

Wakapiga vigelegele. Mimi niliketi chini, nikampokea mtoto.

Majina mengine hayarudi, na ni mimi niliyeyapoteza. Senge anajua bibi mmoja mzee huko Kipkelion, wa ukoo huu, ambaye bado ana akili timamu. Tutaenda Jumamosi. Nimenunua daftari na kalamu mbili.

Joyce amelala. Tapkigen yuko mapajani pangu, naandika kwa mkono mmoja.