Chuma Hakikufika Kwenye Damu

Jumatatu, 1 Februari 1954

Vikopo kumi na saba vya choo maabara kabla ya adhuhuri. Kumi na viwili vina mayai ya minyoo ya safura. Macho yanauma. Shingo pia.

Wa mwisho alikuwa dada yangu Mwanaidi. Kaja kwa miguu kutoka Kaole, kapumzika njiani mara tatu. Viganja vyeupe. Nikamtoboa kidole: wekundu wa damu ni nusu ya unaotakiwa. Kwenye darubini, mayai machache. Nikaandika safura. Sikupima kingine, nilitaka kwenda nyumbani. Daktari akampa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Mimi nikamwambia mwezi hautaisha atakuwa mzima.

Alhamisi, 11 Februari

Joto. Vikopo ishirini na kimoja. Sina la kuandika.

Jumamosi, 20 Februari

Mwanaidi karudi. Mumewe, shemeji Omari, kamleta kwa baiskeli. Kakonda, ana homa. Mayai hayapo tena, lakini damu imepungua zaidi. Nikamgombeza kwamba hamezi dawa.

"Nameza, Salimu. Choo chenyewe cheusi kama makaa."

Ndivyo chuma kinavyofanya. Hakusema uongo. Nimeona aibu. Leo analala kwangu.

Jumatatu, 22 Februari

Nimefanya leo nilichopaswa kufanya siku ya kwanza.

Nimepaka damu yake kwenye kioo. Kwenye safura chembe za damu huwa ndogo, zimepauka katikati. Zake zina ukubwa wa kawaida, ila ni chache. Kisha nikasimamisha damu kwenye mrija mrefu, nikatazama saa. Damu ya mtu mwenye afya hushuka polepole. Yake iliporomoka. Saa moja haijatimia, zaidi ya nusu ya mrija ni maji ya njano matupu. Maana yake kuna uvimbe unaowaka mahali fulani mwilini.

Daktari anasema chuma anacho. Mwili umekizuia kwa sababu ya ugonjwa, hauipi damu. Hata akimeza gunia zima la vidonge. Tutafute ugonjwa wenyewe.

Wiki tatu nimempotezea.

Jumanne, 23 Februari

Daktari kambonyeza chini ya mbavu za kulia. Kapiga ukelele. Jipu la ini. Kalazwa wodini.

Kumbe miezi mitatu nyuma aliharisha damu; vijidudu vya kuhara huko ndivyo vilivyopanda hadi kwenye ini. Nilimuuliza kwa nini alinificha.

"Ningekwambiaje mambo ya choo, wewe mdogo wangu wa kiume?"

Mimi, ambaye kutwa natazama choo cha watu.

Jumatano, 24 Februari

Shemeji alitaka kumrudisha Kaole akanyweshwe kombe, maji yaliyooshea aya. Nikamwambia kombe aletewe hapa hapa, lakini kitandani haondoki. Tumebishana barazani mpaka sauti imenikauka. Mwishowe kakubali, bila kunitazama.

Mchana Daktari kaingiza sindano ndefu kwenye jipu. Usaha wa kahawia, mzito, bakuli zima. Bakuli nimelishika mimi.

Ijumaa, 26 Februari

Dawa anayochomwa ya kuua vijidudu inauchosha moyo. Haruhusiwi hata kukaa. Mapigo yanaruka. Nikimwita haitiki.

Nimekosa swala ya Ijumaa. Nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Shemeji kakaa upande wa pili. Naogopa. Nimechoka hata kulia siwezi.

Jumatatu, 1 Machi

Homa imeshuka. Kanywa uji nusu kikombe. Nikaenda maabara, nikalala kwenye benchi. Vikopo vikanisubiri.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wagonjwa wachache.

Nimesimamisha tena damu ya Mwanaidi. Safari hii imeshuka taratibu. Wekundu nao umeanza kupanda, ingawa vidonge vya chuma tulikwisha kuviacha.

Nikaenda wodini kumpa habari. Nikamwambia na lile jingine: siku ya kwanza nilikuwa na haraka, sikupima sawasawa, kosa ni langu, si la Daktari wala la mtu mwingine.

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kisha akasema mto wake umeteleza.

Nimemwekea vizuri.