Baba Amekubali Kwenda Dhofar

Ghubra,
Maskati, Oman.
10 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Sayyida,

Assalamu alaykum, na shikamoo kutoka kwa mwanao Manal. Eid Mubarak. Vipi goti lako, linakuwacha usali wima? Na paa la uani, mvua za masika zimelisalimisha? Sie wazima, alhamdulillah, ila joto la huku mchana hata usukani wa gari haushikiki.

Kubwa ninalokuandikia ni la kaka yako. Macho ya Baba yanazidi kufifia. Daktari ametwambia yaliyokwenda hayarudi, tuombe tu yaliyobaki yakawie. Tangu siku ile akawa hatoki nje, yeye na redio yake. Mie na mume wangu Yaqoob tukaona likizo ya watoto tumchukue kwa gari hadi kusini, Dhofar, wakati wa khareef, zile mvua za rasharasha zinazoivisha milima majani. Akakataa. "Nilishakwenda zamani, inatosha."

Shangazi, ulijua kama Baba alisomesha huko? Mie nimejua mwezi uliopita! Aliporudi Oman yungali kijana, Kiarabu chake cha kubabaisha, alipelekwa kijiji kimoja karibu na Mirbat, kwenye skuli ya mahema, na vita vikipiganwa milimani. Hakupata kutuhadithia.

Yaqoob ana mwenzake kazini mtu wa Mirbat. Akamuuliza kama yupo huko anayemkumbuka mwalimu huyo, akapewa nambari ya mzee mmoja, Jaifar. Ijumaa baada ya chakula tukampigia, simu tukaiweka katikati ili sote tusikie.

"Ustadh Msellem wa Zinjibari?" yule mzee akapiga ukelele. "Ungali hai?"

Baba akaisogelea simu.

"Ulituchorea dunia mchangani, ukasema ni duara. Baba yangu akaja kukugombeza mbele yetu."

"Nakumbuka," Baba akasema. "Alikuja na bakora."

"Basi mie umri wangu nimeumalizia melini. Nimeizunguka, Ustadh. Kweli duara."

Wallahi Shangazi, mwili ulinisisimka. Baba akawa analia na kucheka kwa pamoja. Simu ilipokatika akasema, "Haya, leteni ramani."

Sasa ramani haiondoki mezani. Yaqoob alitaka njia ya pwani, Baba kaipinga. Anataka ya bara, ya Adam na Haima, jangwa tupu kutwa nzima. Anasema ukishapita Thumrait jangwa linakatika ghafla, unateremka ndani ya ukungu, na ngamia utawaona wanalisha kwenye majani mabichi kama ng'ombe. Nikimsikiliza nasahau hata chungu jikoni.

Atatupeleka na Sumhuram, mji wa kale ulio juu ya hori la bahari, kuta zake zingali zimesimama. Ubani ulikuwa ukipakiwa majahazini pale kabla ya Uislamu kuja! Mie nimekua na harufu ya ubani nyumbani, na wewe unaufukiza kila usiku wa Ijumaa, lakini mti wake sijapata kuuona. Baba anasema ukiukwangua gome unatoa machozi meupe, yakikauka ndiyo ubani. Nimebaki kinywa wazi.

Lakini nna hofu pia. Jana nikathubutu kumuuliza: na macho haya, tukifika huko utaona nini?

Akanishika mkono. "Mwanangu, ndani ya ukungu ule hata mwenye macho mazima haoni. Nipeleke tu, nikasimame kwenye mvua."

Basi mwezi ujao tunakwenda, inshallah. Jaifar ameapa kuwa hatulali pengine ila kwake.

Nisalimie Nasr na mkewe, na Bi Bakhita jirani yako mwambie kanga zake zimefika. Anas na Aseel wanakubusu mikono. Mungu akupe afya na akurefushie umri, na atukutanishe sote kwa kheri.

Ni mimi mwanao nikupendaye daima,
Manal binti Msellem